Bendi ya shule, shoo ya kwanza: jinsi ya kuchagua nyimbo rahisi za rock msiumbuke

Kuna bendi ya sekondari naisaidia jioni, Jumanne na Alhamisi. Sio mwalimu mimi, ni mpiga besi tu wa kanisani ambaye rock imemkaa kichwani tangu utoto. Vijana wenyewe wako watano: dramu, besi, magitaa mawili na binti mmoja anayeimba. Siku ya kwanza nikawauliza, haya, mahafali ya form four yamebaki wiki tisa, mnataka kupiga nini? Wakanitolea karatasi wameshaandika kabisa: Hotel California, Bohemian Rhapsody, Sweet Child O' Mine na Numb ya Linkin Park. Nikamwangalia mpiga dramu. Huyo alikuwa ameshika vijiti kwa mara ya kwanza mwezi uliopita.

Sikucheka, maana na mi yalishanikuta. Shoo yangu ya kwanza nikiwa form five tulichagua wimbo una solo ndefu hatari, kwenye mazoezi ulikuwa unatoka mara moja kati ya tano, tukajipa moyo kwamba siku yenyewe ndo itakuwa hiyo mara moja. Mpiga solo akapotea katikati, sisi wengine tukabaki tunaangaliana, kila mtu akaacha kupiga kwa wakati wake, wa mwisho kuacha akawa mimi na besi yangu tuuum, tuuum, ukumbi mzima kimya. MC akachukua maiki akasema tuwapigie makofi vijana wetu, wamejaribu. Hiyo "wamejaribu" bado inaniwasha mpaka leo.

Kwaiyo haya ninayoandika yanamhusu yeyote mwenye bendi ya wanafunzi ambayo haijawahi kupanda stejini, awe mwalimu wa klabu, kaka mkubwa wa mtaani au nyie wenyewe vijana. Ntaongelea kuchagua tu, kufundisha kupiga ni habari nyingine. Ninachotafuta mimi ni wimbo unaosamehe, yaani hata mmoja akipotea mistari miwili, wimbo unaendelea kutembea na watu hawajui kama kuna mtu kapotea. Wimbo unaweza kuwa rahisi kwenye karatasi na bado hausamehi hata kidogo.

HATUA YA 1: Anza na aliye nyuma kuliko wote

Bendi nyingi zinachagua nyimbo kwa kumwangalia yule anayejua sana, yule dogo wa gitaa la solo ambaye ameshinda YouTube likizo nzima. Hapo ndo mnapokosea, kwa sababu bendi inatembea kwa mwendo wa anayechechemea. Chukua daftari andika kila mtu anaweza nini LEO, sio anachokaribia kukiweza.

Wa gitaa mpime hivi: mwambie abadilishe kodi (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, sio za TRA) kutoka G kwenda D na kurudi, kwa dakika moja, we unahesabu zile zilizolia vizuri tu. Mimi nikiona mtu amefika 30 naridhika, akiwa na 12 basi wimbo wowote wenye kodi hizo utamshinda akiwa na presha ya watu. Fanya na C, Em, Am, A. F ile ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja usiipime hata, chukulia hawaiwezi, utashangazwa kwa uzuri wakiiweza.

Wa dramu mwekee metronomu ya kwenye simu, ile inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 100 kwa dakika, apige biti ya kawaida kabisa dakika nne bila kuongeza mbwembwe. Baada ya dakika mbili zima sauti ya metronomu, mwache aendelee, afu iwashe tena. Ndo utajua. Wa kwetu alikuwa akibaki peke yake anakimbia kama anawahi daladala ya mwisho, na hilo lilitusaidia sana kuchagua maana tulijua mapema kwamba nyimbo zenye spidi kubwa kwake ni mtego.

Wa besi ni kuangalia tu kama anajua noti mama za kila kodi ziko wapi kwenye nyuzi mbili nene. Zikishamkaa hizo, kwa shoo ya kwanza ametosha kabisa.

HATUA YA 2: Sauti ya mwimbaji ndo inachagua ki

Hapa ndo watu wengi wanapakosea kabisa, wanajifunza wimbo kwenye ki (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ndo inaamua uimbwe juu au chini) ya rekodi, wanaushika wiki nne, ndo wanamwita mwimbaji, mwimbaji anafika kwenye kiitikio sauti inapasuka. Axl Rose aliyeimba Sweet Child O' Mine na Chester Bennington wa Linkin Park walikuwa na sauti zao wenyewe, mtoto wa miaka kumi na sita hana deni la kuwafikia.

Fanya kinyume. Kabla hamjagusa gitaa, mwimbaji aimbe kiitikio bila vyombo, aanzie popote panapomkalia vizuri, afu mtu wa gitaa atafute yuko ki gani. Akishapata, mwambie akazunguke uwanja mbio mara moja arudi aimbe tena hapohapo, maana stejini moyo utakuwa unamwenda hivyohivyo. Noti ya juu kabisa ikitoka bado iko poa, hiyo ndo ki yenu. Isipotoka, shusha.

Mfano mzuri ni Have You Ever Seen the Rain ya Creedence Clearwater Revival, ile ya mwaka 1971 ambayo hata mzee wako akiisikia kwenye redio anaitikia kwa kichwa. Rekodi iko ki ya C, kodi zake kubwa ni C, G, F na Am, na John Fogerty anaimba juujuu kwa kukwaruza. Sasa ihamishie ki ya G: C inakuwa G, G inakuwa D, F inakuwa C, Am inakuwa Em. Umeona kilichotokea? Ile F ya kubana imepotea kabisa, na wimbo unaweza kuimbwa chini zaidi, ndege wawili kwa jiwe moja. Ikiwa chini mno, weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote za gitaa) kwenye feti (zile nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya pili au ya tatu, mikono ya gitaa inabaki ilevile, wa besi tu ndo akumbushwe kusogea. Sisi tulisahau kumkumbusha, tukapiga mazoezi nusu saa tunatafuta nani ananuka.

HATUA YA 3: Chuja kwa chekeche

Kila wimbo unaopendekezwa upitishe hapa, na usione aibu kuutupa:

- Kodi nne au pungufu, na zote ziko kwenye daftari la hatua ya 1.
- Mwendo kati ya mapigo 80 na 130. Na nyimbo za polepole mno nazo sio rahisi kama watu wanavyodhani, pengo kati ya pigo na pigo linakuwa kubwa kiasi kwamba kila mmoja anaingia na wakati wake, unasikia kabisa bendi imekuwa magari matatu.
- Dakika nne mwisho, au uwe unakatika bila kuumia.
- Ukitoa solo ya gitaa, wimbo bado ni wimbo.
- Hakuna sehemu ambayo bendi nzima inasimama na kuingia tena kwa hesabu za ajabu.
- Rekodi iko kwenye tyuni ya kawaida, yaani nyuzi zimekazwa kawaida. Sweet Child O' Mine kwa mfano, magitaa yameshushwa nusu hatua, mtoto anapiga na YouTube siku tatu anaona gitaa lake bovu kumbe hana kosa.

Ile list ya vijana wangu ikaingia kwenye chekeche. Hotel California inaanza na Bm na F#, ina dakika 6 na nusu, na watu wote wanaisubiri ile solo ya magitaa mawili mwishoni, ukiitoa umewanyima nyama umewapa mchuzi. Bohemian Rhapsody ni karibu dakika 6, haina kiitikio kinachorudi, na katikati ina kwaya ya opera iliyotengenezwa kwa kurekodi sauti juu ya sauti, Queen wenyewe kwenye shoo sehemu hiyo walikuwa wanaiachia kanda. Kama wenyewe waliacha kanda, we na maiki mbili za kukodi utafanya nini. Numb nusu yake inawezekana ila mwimbaji wetu alikataa mwenyewe alipofika kiitikio. Ikabaki karatasi nyeupe, na nyuso ndefu.

Kuna kundi lingine la mtego, nyimbo ambazo kila mtu anajua rifu (kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) lakini hakuna anayejua wimbo. Smoke on the Water ya Deep Purple ndo bingwa. Kila mwenye gitaa duniani anaijua ile rifu, noti chache tu, sekunde kumi, mwaka 1972 mpaka leo haijazeeka. Sasa muulize beti linakwendaje, kiitikio kinaingia kodi gani, dramu inafanya nini. Kimya. Sisemi usiupige, nasema usihesabu kwamba mnaujua.

HATUA YA 4: Nyimbo zenyewe

Hizi nimezijaribu na watu wasiojua kitu, nitakaa zaidi kwenye zile zinazolipa.

Seven Nation Army, The White Stripes, 2003. Kama una wiki tisa na hujui pa kuanzia, anzia hapa. Bendi yenyewe ilikuwa watu wawili, Jack White gitaa na Meg White dramu, maana yake wimbo umejengwa kusimama bila watu wengi. Ile inayosikika kama besi kwenye rekodi ni gitaa limeshushwa kwa pedali. Rifu ina noti saba, E E G E D C B, na unaweza kuipiga yote kwenye waya mmoja tu, waya wa A: feti ya 7, 7, 10, 7, 5, 3, 2. Sasa raha iko hapa, waya wa A upo kwenye gitaa na upo kwenye besi, feti zilezile, kwaiyo magitaa mawili na besi wote wanapiga kitu kimoja mahali pamoja, mmoja akisahau anachungulia mkono wa mwenzake. Dramu ni dum dum dum dum ya mguu na ile tomu kubwa ya chini, pigo kwa pigo. Kabla ya rifu kurudi kwa nguvu kuna sehemu ya G na A, hapo magitaa wapige pawa kodi, zile za vidole viwili. Solo ipo, iruke. Na watu wa mpira wanaijua bila kujua kama wanaijua, mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji ndo waliianza uwanjani 2003, Waitaliano wakaiimba Kombe la Dunia la 2006, sa hivi kila uwanja ni "oo o-o-o-o-o". Kwenye mahafali wale vijana wa nyuma walioshikilia ukuta ndo watakuimbia.

We Will Rock You, Queen, 1977. Miguu miwili, kofi moja, kimya kidogo, rudia. Hakuna dramu kwenye rekodi, ni miguu na makofi ya watu, Brian May aliutunga makusudi hadhira ishiriki. Gitaa linaingia mwishoni tu. Wimbo wote dakika 2. Kwa bendi changa hii ni zawadi, maana wakati ukumbi unapiga miguu, fundi mitambo bado anatafuta kebo gani haitoi sauti na hakuna anayejua. Na kwa sisi una utamu wa ziada, yule anayeimba, Freddie Mercury, ni mtoto wa Zanzibar, kazaliwa pale mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kabla ya Queen alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya wanafunzi, The Hectics, akiwa bweni India. MC akipewa hiyo sentensi moja asome kabla ya wimbo, wazazi waliokuwa wanachati wanainua vichwa.

Tahadhari moja: watu wakianza kupiga miguu wataongeza spidi, ni lazima, kila ukumbi unakimbia. Mpiga dramu aweke mguu wake mzito palepale, asiwafuate.

Have You Ever Seen the Rain nishaieleza. Nyongeza tu, besi yake ikishuka hatua kwa hatua ni nzuri sana ila sio lazima, mpe kama zawadi ya wiki ya sita.

Twist and Shout. The Isley Brothers waliufanya ujulikane 1962, The Beatles wakaupiga 1963, na toleo la Beatles ndo kila mtu analitaka. Kodi tatu, D, G, A, zinazunguka vilevile mwanzo mpaka karibu na mwisho, ukipotea subiri tu zitarudi. Ule mpando wa "aaa, aaa, aaa" wa sauti kupanda moja juu ya nyingine, gawa kila mtu na noti yake. Ila uwe wa mwisho kwenye list. Beatles walirekodi nyimbo 10 siku moja, tarehe 11 Februari 1963, John Lennon ana mafua, wakauacha huu mwisho kabisa kwa sababu walijua ukishaimbwa sauti imekwisha. Ikawa kweli, walipojaribu mara ya pili haikutoka. Binti yetu tulimwekea mwanzoni siku moja kwa ubishi, nyimbo mbili zilizofuata aliimba kama anaongea na simu ya charji ya mwisho.

Wild Thing, The Troggs, 1966. A, D, E, na G kidogo. Mtu wa wiki tatu anaupiga. Kwenye rekodi mahali pa solo pamewekwa ocarina, kifilimbi kidogo cha udongo, kwaiyo hakuna wa kukuambia umeharibu solo, mpe hata dogo wa form one filimbi ya michezo.

Zombie ya The Cranberries, 1994. Em, C, G, D mwanzo mwisho, haibadiliki. Beti taratibu na laini, kiitikio weka gitaa lenye mkwaruzo, na hiyo tofauti ya chini na juu ndo inaufanya usikike mkubwa kuliko ulivyo. Una dakika 5, kata beti ya gitaa la mwisho. Mwimbaji ajue anaimba nini, unahusu bomu lililoua watoto wawili mji wa Warrington, Uingereza, mwaka 1993, sio wimbo wa kuimba unacheka.

Knockin' on Heaven's Door ya Bob Dylan, 1973: G D Am, G D C, basi. Rahisi kwa mikono, ila ni wa polepole na unamhusu mtu anayekufa. Mahafali? Mi ningeuacha.

Na wimbo mmoja wa nyumbani. Hili vijana walilipinga, wakaona nawarudisha kwenye harusi. Malaika una kodi tatu za kawaida, ukipigwa na gitaa lenye mkwaruzo, dramu nzito, beti mbili tu, ukumbi mzima unaimba mpaka bibi waliokuja na kanga zao. Rock ni namna ya kupiga, haina uraia.

HATUA YA 5: Jaribio la kumzima mtu

Hili ni jaribio langu na naliamini kuliko chekeche lote. Wimbo ukishapigika kidogo, wiki ya tatu hivi, we simama nyuma yao. Katikati ya wimbo mguse mmoja begani bila wengine kuona, aliyeguswa aache kupiga hapohapo mpaka umguse tena. Wengine hawaruhusiwi kusimama.

Ukimgusa gitaa la kwanza na wimbo ukaendelea, safi. Besi, safi. Dramu, hapo utaona bendi inayosikilizana na isiyosikilizana. Mguse hata mwimbaji, kama magitaa hayajui yako wapi bila maneno basi hawajaujua wimbo, wanamfuata mtu tu. Kwetu Seven Nation Army ilipita siku ya kwanza, nilimzima mtu mmoja mmoja wote watano na haikufa. Wimbo mwingine ambao walikuwa wanaupenda sana, sitautaja wasije wakasoma wakanuna, ulikufa kila nilipomgusa gitaa la pili, na gitaa la pili ndo alikuwa anashindwa kutokea mazoezi Alhamisi. Tukautoa. Alinuna wiki nzima.

Na mtu aliyepotea afundishwe kurudi: anyamaze, asikilize, aingie mwanzo wa mzunguko unaofuata. Asipapase kutafuta kwa sauti. Gitaa likinyamaza nani atajua, ila noti tatu za uongo ukumbi mzima unazisikia.

HATUA YA 6: Soma maneno kabla hajasoma mkuu wa shule

Kizingereza cha rock kinapita masikioni bila kuchujwa, afu siku ya siku anakaa mbele afisa elimu. Another Brick in the Wall ya Pink Floyd, 1979, kodi chache, biti ya kutembea, na beti la pili linaimbwa na watoto wa shule wa kweli, wa Islington Green pale London. Wazo zuri kwa bendi ya shule, sivyo? Sasa soma wanachoimba hao watoto kuhusu elimu na walimu. Afrika Kusini wimbo ulipigwa marufuku 1980 baada ya wanafunzi kuufanya wao. Kama mgeni rasmi wenu ana roho ya utani, mtajua wenyewe.

I Love Rock 'n' Roll ya Joan Jett muziki wake ni rahisi mno, E, A, B, ila maneno ni ya mtu mzima anamtamani kijana wa miaka kumi na saba kwenye jukebox, ile mashine ya kupiga santuri baa. Mbele ya wazazi, pita.

Mi huwa naprinti maneno yote napeleka kwa madam wa nidhamu wiki sita kabla. Mara moja tu alikata mstari, tukauimba "la la la", shida iko wapi.

HATUA YA 7: Chagua tatu, na uamue zinaanza na kuishaje

MC atawaambia mna dakika kumi na tano. Chukulia kumi, maana risala itarefuka na mgeni rasmi ana safari. Nyimbo tatu, na ya nne mfukoni. Vijana wanataka sita siku zote, wakatae, bora tatu ambazo hata ukiamshwa usiku unazipiga.

Kitu ambacho hakuna anayekifikiria mpaka siku yenyewe: rekodi nyingi zinaisha kwa sauti kufifia polepole. Stejini hufifii. Mtabaki mnazunguka kodi zilezile mnaangaliana nani anaacha, na nimeshawaambia hiyo inaishaje. Kwaiyo kila wimbo upewe mwisho wake: mpiga dramu anainua kijiti juu, mzunguko mmoja zaidi, wote kwenye kodi ya kwanza, paaa, dramu inakwaruza sahani, kijiti kikishuka kimya. Mwanzo nao vilevile, nani anahesabu, kwa spidi gani. Wa kwetu kabla ya kuhesabu anaimba kiitikio kichwani kidogo, akianza kuhesabu bila kufanya hivyo anaanza na spidi ya moyo wake, na moyo wa mtu aliye stejini unakimbia.

Mpangilio wetu uliishia hivi: We Will Rock You, Seven Nation Army, afu Twist and Shout. Mfukoni Have You Ever Seen the Rain, ambayo tulikuwa tumeifanyia mazoezi kwa gitaa kavu moja na mikono.

Na sababu ya kuifanyia mazoezi bila umeme ni hiyohiyo unayoifikiria. Kwenye rifu ya Seven Nation Army, mzunguko wa tatu au wa nne, umeme ukakatika. Magitaa yakafa, besi ikafa, maiki ikafa. Kikabaki kitu kimoja, dum dum dum dum, dogo wa dramu kichwa chini hajui hata kama umeme umeenda. Sekunde kama nne hivi nikaona mambo ya form five yanarudi. Afu kule nyuma, wale wa ukutani, wakaanza "oo o-o-o-o-o", na ukumbi ukaudaka. Waliimba mpaka jenereta likawaka, na magitaa yaliporudi yakaingia palepale mwanzo wa mzunguko, maana walishaguswa begani mara nyingi mno kushtuka.

HATUA YA 8: Wiki ya mwisho

Usiongeze wimbo. Usibadilishe ki. Wapigie form one wakati wa mapumziko, hao ni watazamaji wakatili kuliko wazazi. Rekodi kwa simu iliyowekwa mwisho wa ukumbi sio mbele ya spika, mkisikia sauti ya mwimbaji haipo basi magitaa yapungue, sio mwimbaji apige kelele.

Afu kila mtu apewe karatasi ya kubandika chini miguuni na gundi ya karatasi, maandishi makubwa ya maka peni. Ya mpiga besi wetu ilikuwa hivi, nimeitunza:

1. ROCK YOU – usipige. Miguu tu.
2. SEVEN – waya wa A, anza 7. Subiri dramu.
3. TWIST – D G A. KAPO HAKUNA.
Mfukoni: RAIN – wenzako wana kapo feti ya 2. WE SOGEA.